Je, Mbwa Naye Afunge?

Kila unapofika msimu wa Kwaresima, na kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, hapa Juba huzuka mazungumzo juu ya kufunga, na mazungumzo hayo hayaishii kwa wanadamu peke yao. Nimesikia, tena si mara moja, wenye nyumba wakiulizana kama haifai mbwa wa ulinzi naye apewe siku moja katika juma ya kukaa bila chakula, ili tumbo lake lipumzike na mwili upungue uzito. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa la hekima. Wapo wanaoliona kuwa ni ukatili uliovishwa kanzu ya hekima. Mimi ni mke wa polisi, nafuga mbwa mmoja, na swali hili nimelichunguza kwa haja wala si kwa udadisi mtupu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba univumilie nikueleze niliyoyaona na niliyoyasoma.

Mbwa wetu huitwa Simba. Si mbwa wa kizungu. Ni mbwa wa kienyeji, mwekundu wa kahawia, masikio wima, manyoya mafupi. Mume wangu aghalabu huwa zamu ya usiku, na sisi tukaao pande za Munuki tunajua ya kuwa usiku wa giza sauti ya mbwa ndiyo mlango wa kwanza wa nyumba. Sasa binti yetu mkubwa alipata kazi ya upishi katika mkahawa mmoja, na kila jioni akawa anarudi na mfuko wa makombo: wali, vipande vya chapati, mafuta ya nyama, vichwa vya samaki. Simba akanenepa. Ukimpapasa ubavuni huzioni mbavu. Akivuka ua mara mbili ulimi uko nje. Na usiku akawa ni mtu wa kulala, hata mgeni aweza kugonga lango yeye akainua jicho moja tu. Mlinzi aliyeshiba kupita kiasi hana tofauti na mlinzi asiyekuwapo.

Jirani yetu mmoja, sajini mstaafu, ana mbwa mkubwa wa kijerumani. Alipomwona Simba alicheka, akasema, “Mama, huyu mfungishe kila Ijumaa. Wangu hali kitu Ijumaa, na tazama kiuno chake.” Nikamjibu, “Mzee wangu, nitalifikiri.” Mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Sajini alipokwisha kuondoka aliniuliza, “Mama, Simba ametenda kosa gani?” Swali hilo lilinikalia moyoni kuliko shauri la sajini, maana mtoto alikuwa ameona jambo ambalo sisi wakubwa hulipita. Mwanadamu hufunga kwa nia. Anajua kwa nini hali, na anajua saa ya kufuturu. Mnyama hana nia ya kufunga. Yeye huona chungu kitupu tu. Kwa hiyo siku ya mbwa kukaa bila chakula haiwezi kuwa ibada. Ikiwa ina faida, faida hiyo ni ya mwili tu, na hapana budi ipimwe kwa mizani ya mwili.

Tuanze na hoja za wanaoipenda siku hiyo, kwani si hoja za kipuuzi. Hoja ya kwanza ni ya asili. Husema ya kuwa mbwa ni wa ukoo wa mbwa-mwitu, na mnyama wa porini hali kila siku: siku ya mawindo hula akashiba mno, na siku nyingine hulala na njaa. Hata sisi hapa tuna ushahidi wetu. Magharibi ya nchi, katika nchi ya Wazande, wamekuwako tangu zamani mbwa wembamba wa kuwindia ambao hawabweki kama mbwa wengine, na ambao Wazungu huwaita Basenji. Mwaka 1959 mama mmoja Mwingereza, Veronica Tudor-Williams, alisafiri mpaka kusini mwa Sudani ya wakati ule kuwatafuta mbwa wa aina hiyo akawachukua kwao. Hakuna aliyekuwa akiwapangia mbwa hao sahani ya asubuhi na ya jioni, wala hawakuwa na vitambi.

Hoja ya pili ni ya uvumilivu. Ni kweli kwamba mbwa aliyekomaa na mwenye afya huistahimili njaa kuliko sisi. Mwaka 1912 wataalamu wa Marekani waliandika habari za mbwa mmoja aliyekaa siku 117 bila chakula, akipewa maji tu, na asife. Katika bustani nyingi za wanyama duniani, simba na chui wamezoezwa kukosa chakula siku moja katika juma, na hawapati madhara.

Hoja ya tatu ni ya elimu ya siku hizi. Mwaka 2022 wachunguzi wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwauliza wenye mbwa zaidi ya 24,000, wakaona kwamba mbwa wanaolishwa mara moja kwa siku walikuwa na maradhi machache kuliko wale wanaolishwa mara nyingi. Habari hiyo ilienea upesi, na wengi wakaishika kama fimbo.

Hizo ndizo hoja, nami nazipa heshima yake. Lakini kila moja ina upungufu ambao mwenye nyumba hana budi kuujua.

Kuhusu asili, mbwa wa nyumbani si mbwa-mwitu tena. Ameishi na mwanadamu miaka isiyopungua elfu kumi na tano, akila kando ya moto wetu, hata tumbo lake limebadilika. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha ya kuwa mbwa ana uwezo mkubwa kuliko mbwa-mwitu wa kuyeyusha vyakula vya wanga, yaani vyakula vya nafaka kama asida yetu ya mtama. Tena yule mbwa wa Wazande alikuwa akikosa windo siku moja hali yuko huru msituni, anakimbia, anachimbua panya, anaokota alichoweza. Mbwa wa Juba yumo ndani ya ua wa mabati, au amefungwa mnyororo. Hawezi kujitafutia. Njaa yake yote imo mkononi mwako.

Kuhusu uvumilivu, kuweza jambo si kufaidika nalo. Askari aweza kutembea siku mbili bila kulala, lakini hakuna kamanda asemaye kwamba kukosa usingizi ni dawa. Mbwa yule wa mwaka 1912 hakufa, naam; lakini alikuwa amepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake.

Na kuhusu uchunguzi wa mwaka 2022, wachunguzi wenyewe walionya kwamba hawawezi kusema ni lipi lililotangulia. Huenda kula mara moja ndiko kulikoleta afya. Na huenda mbwa aliye mgonjwa ndiye anayegawiwa chakula mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wake. Zaidi ya hayo, kula mara moja kwa siku si kufunga siku nzima. Mbwa wengi wa hapa kwetu tayari hula mara moja, jioni, baada ya watu kula.

Uchunguzi ulionifungua macho ni mwingine. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, nao ulichukua karibu miaka 14. Walichukuliwa mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakagawanywa wawili wawili waliozaliwa pamoja. Mmoja akapewa chakula cha kawaida, na mwenzake akapewa chakula kile kile kikiwa kimepunguzwa robo, tangu udogo hadi kufa. Wale waliokula kwa kawaida, umri wao wa katikati ulikuwa miaka 11 na kidogo. Wale waliopunguziwa robo walifika miaka 13. Tena maumivu ya viungo yaliwachelewa. Angalia vema, ndugu msomaji: mbwa hao waliopunguziwa hawakufungishwa. Walikula kila siku. Kilichowapa miaka karibu miwili ya ziada ni kiasi.

Hapo nikachukua kalamu nikapiga hesabu ndogo ya nyumbani. Siku moja katika siku saba ni sehemu ya saba, yaani kama asilimia 14. Mbwa akikosa chakula Ijumaa, na siku nyingine akala kama kawaida, chakula chake cha juma kimepungua kwa asilimia hiyo, na bila shaka atakonda. Lakini nani awezaye kusema kwamba Jumamosi hamwongezei? Mbwa huyo ataamka akilia, watoto watamwonea huruma, na atapewa sahani mbili. Ijumaa itakuwa imekwenda bure. Ukipunguza kijiko kidogo kila siku, unapata hesabu ile ile bila mbwa kuteseka wala mtoto kuiba mkate.

Tena hiyo sahani mbili ya Jumamosi si jambo dogo. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama huyo wa kijerumani wa jirani yangu, akila chakula kingi kwa pupa aweza kupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda kama mfuko uliosokotwa. Utamwona tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Asipofikishwa kwa daktari wa mifugo kwa saa chache, hufa. Ugonjwa huu huwatafuta zaidi wale wanaolishwa mlo mmoja mkubwa. Basi afadhali mbwa wa namna hiyo agawiwe chakula chake mara mbili kwa siku, na asikimbizwe mara baada ya kula. Wenzetu wanaofanya kazi na mbwa wa kunusa wanaijua kanuni hii: chakula huja baada ya kazi na mapumziko, wala si kabla.

Liko na jambo la saa. Yule mtaalamu Mrusi, Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya uyeyushaji wa chakula, alionyesha kwamba mwili wa mbwa hujiandaa kabla chakula hakijafika: mate hutoka na tumbo huanza kutoa maji yake makali. Mbwa aliyezoea kula saa moja ya jioni, ikifika saa hiyo tumbo lake liko tayari. Asipopata kitu, baadhi yao huamka alfajiri wakatapika povu la manjano, ambalo ni nyongo. Mtu asiyejua hulitazama povu hilo akafurahi, akidhani uchafu unatoka mwilini. Sivyo. Kwa aghalabu ya mbwa wa namna hiyo, dawa ni kupewa chakula kidogo kabla ya kulala.

Kuna pia mbwa ambao haifai hata kidogo kuwakosesha chakula kwa siku nzima. Wa kwanza ni mtoto wa mbwa: sukari ya damu yake huanguka upesi, akatetemeka, akalegea, akafa. Wa pili ni jike mwenye mimba au anyonyeshaye. Wa tatu ni mbwa mdogo sana wa umbo. Wa nne ni mzee, mgonjwa, mwenye kisukari au anayetumia dawa. Wa tano ni mbwa aliyekonda tayari, ambao ndio wengi katika mitaa yetu. Huyo amekwisha kufunga mwaka mzima, naye anahitaji dawa ya minyoo na bakuli la chakula.

Je, mbwa anayeharisha? Zamani shauri lilikuwa moja: mnyime chakula saa 24. Siku hizi madaktari wamelilegeza. Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja mbili aweza kupumzishwa kwa saa chache, kisha akapewa wali laini na nyama ya kuku isiyo na mafuta wala chumvi, kidogo kidogo, kwa sababu utumbo wenyewe hupona kwa kulishwa. Akitapika damu, au akikataa maji, si shauri la nyumbani tena. Ni la daktari.

Maji ndiyo nitakayoyasema kwa sauti ya juu. Awaye yote asithubutu kumfungia mbwa maji, iwe mwezi wa Ramadhani au siku nyingine. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo; hujipoza kwa kuhema, na katika kuhema hupoteza maji. Mnakumbuka Machi 2024, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Katika joto la namna hiyo mbwa aliyefungwa juani bila maji hawezi kumaliza siku. Ndugu zetu Waislamu wana mapokeo mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuwa alimnywesha mbwa mwenye kiu. Nasi Wakristo tuyasikie hayo.

Sasa nije kwenye sababu iliyonipa uamuzi wangu, nayo inahusu njaa ya mbwa na usalama wa watu. Sisi wa Juba tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Julai 2016, mapigano yalipozuka mjini, watu wengi walikimbilia makanisani na kwenye kambi, na nyua zikabaki na mbwa wasiokuwa na wa kuwalisha. Waliofungua minyororo walitoka wakatafuta chakula walikokiona, na mahali pengine sitapataja kwa heshima ya marehemu. Waliorejea waliwakuta mbwa ambao jana walikuwa wakicheza na watoto, leo hawajui mkono wa mtu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tangu hapo siamini ya kuwa njaa ni kitu cha kuchezea katika ua wenye watoto.

Hata wakati wa amani, mbwa mwenye njaa huruka ukuta. Akizurura hukutana na mbwa wengine, na kichaa cha mbwa hupita kwa njia hiyo. Ugonjwa huo huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na dalili zikitokea hauna tiba. Akizurura hula pia matumbo ya mbuzi na kondoo machinjioni, na humo mna mafuko ya tegu mdogo ambaye mayai yake mbwa huyarudisha nyumbani kwa kinyesi chake. Mwanadamu akiyala mayai hayo kwa mkono mchafu humea ndani yake uvimbe wa maji, katika ini au mapafu. Watoposa wa nchi yetu na jirani zao Waturkana wa Kenya ni miongoni mwa watu walioathirika sana duniani kwa ugonjwa huo. Kadhalika huko Chad, tangu mwaka 2012, mbwa wamegunduliwa kuwa na mnyoo wa Guinea, ule ule ambao nchi yetu imepambana nao kwa miaka mingi, na inadhaniwa kwamba huupata kwa kula samaki wabichi na matumbo yao. Watu wa huko waliambiwa wayafukie matumbo ya samaki na wawafunge mbwa. Lakini ukimfunga mbwa, umechukua dhamana ya kumlisha. Huwezi kushika mnyororo kwa mkono mmoja na kuficha bakuli kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mbwa mzima, aliyekomaa, mnene, akikosa mlo mmoja hatadhurika, na mwenye nyumba asipate hofu siku moja chungu kikichelewa. Lakini kuipanga siku ya njaa kuwa dawa ya kila juma hakuna faida ambayo kiasi cha kila siku hakiwezi kuileta, na kuna hatari ambazo kiasi hakina. Mbwa mnene hahitaji Ijumaa ya njaa. Anahitaji Jumatatu, Jumanne na Jumatano za kadiri.

Nyumbani kwetu tumefanya hivi. Tumetenga kopo moja la maziwa kuwa kipimo. Simba hupata kopo moja la asida iliyochanganywa na samaki asubuhi, na moja jioni, wala hapana anayempa kitu nje ya saa hizo. Makombo ya mkahawa huchaguliwa: mafuta, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa haviingii katika bakuli lake, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa na mifupa hiyo huvunjika kama sindano. Mwanangu amepewa kazi ya kupapasa mbavu kila Jumamosi, kwa sababu mbwa mwenye kadiri mbavu zake hazionekani kwa macho bali huhisiwa kwa vidole. Kila jioni yeye na kaka yake humtembeza jua linapopungua.

Baada ya miezi mitatu kiuno kikaanza kuonekana, na usiku Simba akarudia kazi yake. Jirani yangu sajini bado hajakubali, nasi tungali tunashindana ukutani kwa heshima. Lakini siku hizi mbwa wake hupata mchuzi kidogo Ijumaa jioni, na bakuli lake la maji halikauki.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema. Wengi wetu tumewahi kuijua njaa yenyewe, kambini, njiani na vitani, na tunajua kwamba haikututakasa. Tukitaka kufunga, tufunge sisi wenyewe, kwa nia yetu na kwa ajili ya dhambi zetu. Mbwa na apimiwe chakula chake, apewe maji yake, achanjwe, naye atatulindia lango.